Muuaji Asiye na Jirani

Kanda haikuwa na jalada. Ilibandikwa kipande cha plasta, na juu yake mtu kaandika kwa kalamu: "Kutisha, Italia." Tuliikodi Alhamisi jioni, mimi na binamu zangu wawili, tukaipandisha ghorofani Kibokoni ndani ya shati kama mali ya magendo. Deki ilikuwa ya ami, aliyerudi nayo kutoka Dubai, na mchana kutwa ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kitoto kilicholala. Mama na shangazi walikuwa wamekwenda hitimani. Tulikadiria tuna saa mbili.

Stelingi wa picha ile ni mpiga piano Mwingereza aishiye Italia. Usiku mmoja, akiwa nje uwanjani, anamwona mwanamke akiuawa kwenye dirisha la juu. Anapanda mbio, anapita ujia mrefu uliotundikwa michoro ya nyuso kushoto na kulia, anamkuta mwanamke keshakufa. Kisha fikra inaanza kumkereketa: pale ujiani aliona kitu, mchoro mmoja, na aliporudi kuutazama haukuwapo. Anautafuta picha nzima, na watu wanazidi kufa. Mmoja anauawa kwa maji ya moto bafuni. Mwingine, kabla ya zamu yake, anajiwa mbio na kikaragosi cha mashine kinachocheka. Binamu yangu mdogo alijifunika mto kilipotokea kikaragosi, na hakuufunua tena.

Mwishoni mpiga piano anarudi kwenye ule ujia. Anatembea pole pole. Sasa atajua, nasi tutajua. Hapo hapo kioo kikapigwa mistari myeupe, sauti ikazama, na chumba chetu kikajaa dhahabu. Bibi arusi kakaa jukwaani, hina mpaka viwikoni, wanawake wamemzunguka wanacheza chakacha, nywele wazi, mabega wazi, taarabu inavuma. Mtu alikuwa ameirekodi siku ya kupamba juu ya muuaji wetu.

Mama aliingia wakati huo huo, buibui angali nalo mwilini. "Zimani! Zimani hiyo! Wana wa watu hawa, wako wazi!" Alikuwa amemtambua bibi arusi kwa kumtupia jicho moja. Asubuhi yake kanda haikurudi dukani. Alikwenda kumkabidhi mama wa bibi arusi mkononi mwake. Mwenye duka akatutoza bei ya kanda nzima. Nami nikakaa miaka kumi na sita nikiyajua mauaji yote ya *Profondo rosso*, picha ya Dario Argento ya mwaka 1975, bila ya kumjua muuaji.

Naeleza haya kwa sababu picha za aina hii, ambazo ulimwengu unaziita giallo, nilizijua kwanza zikiwa zimekatwa kichwa, na mpaka leo nadhani hiyo ndiyo njia ya haki ya kuzipima. Ondoa mwisho wa picha nyingi za upelelezi, huna kitu. Ondoa mwisho wa giallo nzuri, hukupoteza sana. Utabaki na ujia, michoro, kikaragosi na ule wimbo wa kitoto ambao muuaji huupiga kwenye rekoda kabla hajaua. Utabaki na hofu yote. Kilichokatwa ni maelezo, na maelezo ndiyo sehemu mbovu.

Neno lenyewe maana yake ni "manjano" tu. Mwaka 1929 kampuni ya uchapishaji ya Mondadori ya Milan ilianza kutoa mfululizo wa riwaya za upelelezi zenye majalada ya manjano, na Mwitaliano akazoea kuita hadithi yoyote ya mauaji na fumbo kwa rangi yake. Kwake hata Agatha Christie ni giallo. Sisi wa nje tumelifinya neno likabaki na kundi moja la picha, kuanzia mwaka 1963 mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mario Bava alifungua mlango kwa *La ragazza che sapeva troppo*, yaani msichana aliyejua kupita kiasi: mgeni kutoka Marekani, mpenzi wa riwaya za mauaji, anashuhudia mauaji kwenye ngazi za Piazza di Spagna mjini Roma na hakuna anayemsadiki. Mwaka uliofuata, katika *Sei donne per l'assassino*, Bava akampa muuaji mavazi aliyoyavaa kila aliyekuja nyuma yake: koti refu, kofia, uso uliozibwa kwa kitambaa, glavu nyeusi. Nyumba ya mitindo, taa nyekundu, kijani na zambarau zisizotoka popote, na wanawake sita. Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji, na inaonekana. Hadithi ameishika kwa vidole viwili, rangi ameishika kwa mikono yote.

Argento, mzaliwa wa Roma wa mwaka 1940, alikuwa mhakiki wa sinema gazetini, kisha akawa mmoja wa waliotunga kisa cha *C'era una volta il West* cha Sergio Leone. Picha yake ya kwanza, *L'uccello dalle piume di cristallo* ya mwaka 1970, ina kipande ambacho ningemwonyesha mtu anayetaka kujua jambo hili kwa dakika tano tu. Mwandishi wa Kimarekani anapita usiku mbele ya jumba la sanaa lenye ukuta wa kioo. Ndani, mwanamke mwenye nguo nyeupe anapambana na mtu wa koti jeusi, na kisu kinameta. Mwandishi anakimbilia ndani, mlango wa kioo unajifunga mbele yake, wa pili unajifunga nyuma. Amenaswa katikati kama samaki ndani ya chupa. Mwanamke anatambaa, anamnyoshea mkono, naye hawezi kumfikia, wala mpita njia wa nje hamsikii. Anachoweza ni kutazama. Polisi wanamhoji, naye anarudia lile lile: kuna kitu nilikiona hakikukaa sawa, sikijui ni nini. Mwisho wa picha anakijua. Kisu kilikuwa mkononi mwa mwanamke. Aliyevaa jeusi alikuwa akijaribu kumzuia.

Yaani aliona kila kitu, na akakosea. Giallo zote zenye thamani zimejengwa juu ya kosa hilo la jicho. Hakuna jini, hakuna mzimu, hakuna aliyefufuka. Kuna mtu mwenye macho mazima aliyedhani kwamba kuona ni kujua.

Sasa njoo Mji wa Kale wa Mombasa. Sijui mtaa mwingine Afrika Mashariki uliojengwa kwa ajili ya kutazama kama huu wa kwetu. Pita Ndia Kuu baada ya Isha, ukate kwenye vichochoro vya nyuma: roshani za mbao zimekuinamia juu ya kichwa, na kwenye dirisha la ghorofani kile kibao cha chini kinainuka kidogo, kiasi cha vidole vitatu, kisha kinashuka. Hukumwona mtu. Umeonwa. Na ukifika mwisho wa mtaa, ngome inayokukabili imechorwa na Mtaliana: Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, ndiye aliyewatengenezea Wareno ramani ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, tena kila pembe yake imepimwa ili asiwepo mtu wa kusogea ukutani bila kuonwa kutoka pembe nyingine. Karibu miaka mia tatu na arobaini kabla ya majalada ya manjano, mji ule ule ulikuwa umeshatuletea somo la macho. Natania, lakini si sana.

Mara nyingi nimewaza Argento angefanya nini hapa. Mwanga angeupata bure: alasiri ikipenya kwenye nakshi za mlango na kuchora kivuli cha maua ukutani. Sauti angeipata bure zaidi. Picha zake tatu za kwanza zilitiwa muziki na Ennio Morricone, aliyejua kwamba sauti ya mwanamke ikiimba "la la la" kama anabembeleza mtoto inatisha kuliko ngoma kumi. Mwaka 1975 wakaja vijana wa bendi ya Goblin na kinanda chao kinachogonga kama mshipa wa shingo. Hapa angemchukua muuza kahawa. Muuza kahawa wetu haiti wateja kwa mdomo, anagonganisha vikombe vya kaure kiganjani, kla-kla, kla-kla-kla, na mtoto wa Kibokoni anaujua mlio huo kabla ya kujua kusoma. Saa mbili usiku ni kahawa na kashata. Uutie mlio huo saa tisa usiku, kichochoro kitupu, wala usimwonyeshe mtu. Mimi nisingetoka nje.

Lakini muuaji wake angempatia wapi vazi? Ulaya ya miaka ya sabini umbo jeusi lisilo na uso, lenye glavu, lilitosha kufanya ukumbi mzima ushike viti. Kwetu umbo hilo likikupita magharibi ni mwalimu wako wa chuoni, au shangazi anayewahi arusi. Usipomwamkia, ndiye atakayekwenda kumwambia mama yako kwamba umekosa adabu. Amekujua, wewe ndiye hukumjua. Vazi lile lile, na mambo yamegeuka kabisa: kule jeusi linaficha anayeua, huku linamficha anayekulinda na kukusema.

Hapa ndipo udhaifu wa giallo unapojitokeza, na kwangu si damu. Damu ya Bava na Argento ni rangi ya ukutani na haimdanganyi mtu, ijapokuwa Lucio Fulci aliwahi kufikishwa mahakamani kwa ajili ya mbwa waliopasuliwa katika picha yake ya mwaka 1971, hata fundi wake Carlo Rambaldi ikabidi awachukue mbwa bandia kwenda kumwonyesha hakimu. Rambaldi huyo ndiye baadaye alimtengeneza E.T. na kupewa Oscar. Udhaifu ni kwamba watu wa giallo hawana jirani. Mwanamke anapiga kelele katika jumba la ghorofa saba, na hakuna taa inayowashwa. Hakuna anayeuliza yule mgeni wa jana ni wa nani. Watu hawa wana viti vizuri, wana chupa ya wiski ya J&B mezani karibu katika kila picha, wana magari na magauni, lakini hawana mtu wa kumwomba chumvi.

Nikitaka kinyume chake namchukua Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka kitabu mwaka 1960, na akatupa mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake Najum. Bwana Msa hamkimbizi mtu juu ya paa. Anakaa, anavuta, anauliza nani ni mtoto wa nani. Fumbo lake linafumbuka kwa nasaba na maneno ya watu, kwa sababu mwandishi alitoka kisiwani, na kisiwani siri ni jambo lililojulikana na watu wasiopungua sita. Hesabu yake inatoka. Ya Waitaliano haitoki: muuaji anakuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, ushahidi unaletwa dakika ya mwisho, kisha anatokea daktari na kutueleza kwa sentensi nne kwamba mtu huyu aliumizwa utotoni. Ila Bwana Msa hajawahi kuninyima usingizi, nami ningekuwa mnafiki nisiposema hivyo. Nakifunga kitabu nimeshiba. Giallo nazima taa huku nimeuelekea mlango.

Wazazi wetu, waliokulia kwenye viti vya Regal, Majestic na Naaz, walikuwa na njia ya tatu. Walilelewa na picha za Kihindi, na India ilikuwa na hofu yake: *Bees Saal Baad* ya mwaka 1962, *Woh Kaun Thi?* ya mwaka 1964, na *Gumnaam* ya mwaka 1965, ambapo abiria wanaachwa na ndege mahali pasipojulikana na kuanza kuuawa mmoja mmoja, kisa kilichochotwa kwa Christie. Huko mtu anauawa, kisha Helen anacheza, kisha Mehmood anakuchekesha, kisha mwingine anauawa. Hofu inapewa mapumziko, kama watu wazima wanavyoihitaji. Baba alitazama nusu ya giallo moja pamoja nami akainuka. "Hawa hawaimbi," alisema, na kwake hukumu ilikwisha hapo.

Midomo kutolingana na maneno haikumsumbua, wala sisi. Waitaliano walizoea kupiga picha bila kujali sauti. Kila mwigizaji alisema lugha yake, na maneno yakapachikwa studio baadaye. Wakosoaji wa Ulaya wanalihesabu kosa. Afrika Mashariki, ambako Lufufu alizisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, ambako VJ Jingo anafanya hivyo kwa Kiganda na DJ Afro kwa maneno ya mtaani, tunajua kwamba sauti iliyopachikwa ni sanaa ya pili juu ya ile ya kwanza. Na kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani atalielewa kuliko mhakiki wa Paris: majina ya picha hizi. Sergio Martino ana moja ya mwaka 1972 ambayo jina lake, ukilifasiri neno kwa neno, ni "Uovu wako ni chumba kilichofungwa, na ufunguo ninao mimi tu." Hilo si jina la picha, hilo ni jina la leso. Lichapishe, lipeleke Biashara Street, na jioni ya pili utawaona mke mkubwa na mke mdogo wamelivaa wote wawili, kila mmoja akimkusudia mwenzake.

Kuhusu wanawake wenyewe, sina utetezi. Anauawa mwanamume, inakwisha kwa sekunde kumi. Anauawa mwanamke, kamera inakaa, inazunguka, inateremka. Wapo wanaosema wauaji nao mara nyingi ni wanawake, na ni kweli, lakini hiyo ni kumpa mtu kisu badala ya kumpa maisha. Argento alikuwa na desturi ya kuvaa mwenyewe zile glavu nyeusi mikono ya muuaji ilipopigwa picha. Alilieleza kama suala la ufundi. Mimi kila nikiiona mikono ile namwona mwenye picha.

Ndiyo maana, nikiambiwa nichague moja ya kuokoa nyumba ikiungua, sichukui ya Argento. Nachukua *Non si sevizia un paperino* ya Fulci, ya mwaka 1972, kwa sababu ndiyo giallo ninayoijua yenye majirani, na majirani hao ndio wanaotisha. Kijiji cha milimani kusini mwa Italia. Wavulana wanauawa. Yupo mwanamke mmoja, kaigizwa na Florinda Bolkan, anayeishi pembeni, mwenye vinyago vya nta na sindano, na kijiji kizima kinamwita mchawi. Yeye mwenyewe anaamini amewaua kwa uganga wake, anakiri. Polisi wanachunguza, wanaona hakuwapo, wanamwachia. Baba za watoto hawamwachii. Wanamkuta makaburini, wanafungua redio ya gari, na wakati mwanamke mwimbaji anaimba wimbo laini wa mapenzi wanampiga kwa minyororo. Wakishachoka wanaondoka. Anatambaa kupanda mlima mpaka barabara kuu, na magari ya familia zinazokwenda likizo yanapita, watoto wakitazama dirishani. Hakuna linalosimama.

Muuaji wa kweli ni kasisi kijana, mpendwa wa wote, anayewaua wavulana ili wasifike umri wa dhambi. Lakini ukiizima picha makaburini umeshaona mauaji makubwa kuliko yake.

Vuka daraja la Nyali uelekee kaskazini mpaka Kilifi, safari ya saa moja na kidogo. Huko wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kosa lao ni mvi na kipande cha ardhi ambacho kijana wa nyumba anakitaka. Kaya Godoma imekuwa kimbilio lao: mtu aliyejenga boma na kuozesha watoto anahamia kulala kambini, kwa sababu wanaomwinda wanamwita babu. Hakuna glavu. Hakuna barakoa. Wote wanamjua aliyefanya. Fulci hakuwahi kuisikia Kilifi, naamini, lakini ile redio ya gari aliiwasha kana kwamba amekaa huko.

Nilisema nilikaa miaka kumi na sita. Nilipoipata *Profondo rosso* nzima niliitazama peke yangu, nikamjua muuaji, nikaona aibu kidogo kwa jinsi nilivyokuwa nimekaribia. Kisha, miaka michache iliyopita, nikamwekea shangazi kwenye kompyuta. Alikuwa amekwisha kutimiza themanini, magoti hayampandishi ngazi tena, na mchana wake unapita dirishani, kibao kimeinuliwa vidole vitatu. Alitazama hivyo hivyo, kashikilia fremu ya meza kama anashikilia dirisha.

Mpiga piano akapita ujiani mara ya kwanza, mbio, sekunde mbili tatu.

"Yule mkongwe alokaa ukutani ni nani?" shangazi akauliza.

Nikamwambia ni michoro tu. "Mchoro haunitazami vile," akasema. Nikarudisha nyuma, nikasimamisha. Katikati ya nyuso za kuchorwa kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo uso wa mwanamke mzee, mweupe, macho wazi. Ndiye muuaji. Argento anakuonyesha waziwazi mwanzoni mwa picha, na mimi na mpiga piano na karibu kila mtu tumempita mbio.

Aliimaliza picha bila kutikisika, hata kile kikaragosi hakukijali. Mkufu wa yule mzee uliponaswa kwenye lifti aligeuza uso kidogo. Majina yalipoanza kupanda akaniuliza jumba lile lina ghorofa ngapi. Nikasema sijui, nyingi.

"Na hapana hata mmoja alofungua dirisha?"

Sikuwa na jibu. Akajivuta leso mabegani, akataka kahawa. Nilipokuwa namimina akauliza kama yule mpiga piano amepata mke.